Maumivu Yalianzia Wapi

Jumamosi, Juni. Uyole.

Jua linawaka lakini halina kazi. Upepo unashuka mlimani kama umetumwa, na vumbi la barabara kuu limeingia mpaka kwenye sukari. Nimevaa masweta mawili na soksi za mume wangu, na bado vidole vinaganda juu ya simu. Ndani ya masweta hayo natoka jasho. Vidonge ninavyomeza kila asubuhi vina joto lake, halijali kama huku nje ni Mbeya.

Sijaandika hapa tangu Pasaka. Wanaonifuata kwa mambo ya mishono wataniwia radhi. Leo sina mshono.

Nyonga yangu ya kushoto inauma.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Mtu wa kawaida akisema nyonga inauma, anaambiwa achue dawa, apunguze kukaa. Mimi nimeondolewa titi, nimetundikiwa dripu mpaka nyusi zikadondoka, nimechomwa mionzi kifuani hadi ngozi ikawa kama ya ndizi iliyoiva sana. Baada ya hapo huna tena ruhusa ya kuumwa nyonga tu. Kikohozi kikija, unafikiri imerudi. Kichwa kikigonga, imerudi. Mwaka jana nilivimba jino, nikalia siku nzima.

Lilikuwa jino. Liling'olewa, likaisha.

Nyonga haijaisha. Ilianza mvua zilipokuwa zinaelekea kukatika. Mara ya kwanza niliisikia nikishuka ngazi za kanisani, nikamshika mama mmoja bega kama natania. Halafu ikahamia kwenye cherehani. Nashona kwa cherehani ya miguu, na kwa mazoea mguu wangu wa kushoto ndio unaosukuma zaidi. Nikajiambia ni kazi hiyo. Sare za shule, magauni ya Pasaka, nani asingeumwa? Ni maelezo mazuri, na hata leo ninapoandika yanaweza kuwa ndiyo ya kweli.

Ubaya wake ni huo. Yanaweza.

Jumanne nilikwenda hospitali mjini. Daktari wangu ni binti mdogo kuliko hata mdogo wangu wa mwisho, mpole, anaongea polepole kama anayetembea kwenye matope. Alinipiga picha ya nyonga, akaiangalia kwenye kompyuta yake kwa muda mrefu. Nilikuwa naangalia uso wake, siyo picha. Sisi tuliopita huko tunasoma nyuso.

"Mama, hapa kuna doa."

"Ndiyo yenyewe?"

"Sijui. Siwezi kukudanganya. Inaweza kuwa mfupa umechakaa tu. Inaweza kuwa ulijigonga zamani. Na inaweza kuwa imerudi. Picha hii haisemi."

"Kitakachosema ni nini?"

"Kuna kipimo kikubwa cha mifupa, lakini hicho ni mpaka Dar es Salaam. Naweza kukuandikia uende sasa. Au tusubiri wiki chache, tupige picha nyingine hapa hapa, tuone kama doa limebadilika. Yote mawili yanakubalika. Wewe unaonaje, mama?"

Mimi naonaje. Naulizwa mimi, niliyekuja kuuliza.

Nikasema tusubiri. Sikusema kwa busara, niseme ukweli. Nilisema kwa sababu Dar kuna jibu, na huku Uyole hakuna, na siku ile nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna jibu.

Nyumbani mume wangu, Ambakisye, alikuwa amenisubiri na chai. Akauliza dokta kasemaje. Nikamwambia mfupa umechoka. Akafurahi jamani, mume wangu, akafurahi kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Akatoka mwenyewe mpaka dukani, akarudi na dawa ya kuchua, ile inayonuka kafuri. Akanilaza ubavu akaanza kunichua nyonga kwa mikono yake ya mkulima wa viazi, migumu, huku anaimba wimbo wa kanisani kwa pumzi.

Mikono yake ilikuwa inapita juu ya doa lenyewe. Nilifumba macho, nikang'ata mto.

Jumatano ikaja simu kutoka Iringa. Alikuwa Imelda, binti wa Oliva.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Mama anakuulizia. Ukiweza, uje." Kisha akaongeza, "Usichelewe, mama mdogo."

Kwa wasiomjua: Oliva ni mwenzangu wa mionzi. Tulikutana Dar, kwenye hosteli ya wagonjwa wanaotoka mikoani, vitanda vyetu vikiwa vimegusana. Yeye Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mkulima, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, Mkatoliki mpaka kwenye kucha. Mimi Mnyakyusa wa Kilutheri. Alikuwa ananiita Fundi, hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Kule hosteli ndiko tulikobuni hili titi la nguo ambalo wengine wenu mmewahi kuniagiza. La kwanza nilijaza sponji, likawa jepesi, Oliva akiinua mikono kuimba linapanda mpaka shingoni. Tukacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Ndipo yeye akasema, "Weka ulezi, Fundi. Titi lina uzito." Nikaweka ulezi kidogo ndani ya sponji, likatulia mahali pake kama la kuzaliwa nalo. Aliporudi kwao alinipigia kuniambia kuku wanamfuata.

Tulimaliza mionzi pamoja. Kila mmoja akarudi kwao, na kila tulipokwenda kupimwa tulipigiana simu. Safi? Safi. Asante Mungu. Ilikuwa hivyo hadi mwanzoni mwa mwaka huu. Nilipiga mimi, nikasema safi, halafu nikasubiri zamu yake. Akasema, "Yangu imerudi, Fundi. Iko kwenye mifupa, na ini limeguswa."

Tangu siku hiyo sikuwa nimekwenda kumwona. Nilikuwa natuma salamu. Kulikuwa na sare, kulikuwa na Pasaka, kulikuwa na kila kitu. Kwa kweli nilikuwa naogopa kumwangalia, kama mtu anavyoogopa kuchungulia kisima.

Lakini Imelda aliponiambia usichelewe, mdomo wangu ulisema "nakuja kesho" kabla sijafikiri. Mume wangu akanisifu kwa moyo wa upendo. Akanifungia mchele wa Kyela na parachichi za kupeleka.

Basi lilipopita Makambako, upepo ukilisukuma ubavuni, ndipo nilipojielewa. Nilijua kwa nini nimekubali upesi hivyo.

Nilikuwa nakwenda kumuuliza maumivu yake yalianzia wapi.

Ndiyo. Mwenzangu yuko kitandani hawezi kugeuka, na mimi nimebeba mchele na parachichi na swali langu. Kama angesema yalianza kwenye nyonga, ningejua. Kama angesema mahali pengine, ningepumua. Kitaalamu najua haiko hivyo. Mwili wa mtu si wa mwenzake, daktari alishanieleza. Lakini mtu anayezama hachagui cha kushika.

Mume wa Oliva, shemeji Damiani, alinipokea kituo cha basi cha Ipogolo na pikipiki yake. Amekonda kama mgonjwa ni yeye. "Kamwene, shemeji," akanisalimu kwa Kihehe, akachukua mzigo wangu mikononi haraka, hakutaka nimtazame machoni. Nilikaa upande nikashika chuma cha nyuma, na kila shimo la barabara lilinifikia mfupani. Sikulalamika. Ningelalamika kwa nani?

Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, ua umefagiwa, na migomba ya pembeni imekauka kwa baridi. Imelda alitoka jikoni akifuta mikono, akanikumbatia akashindwa kuniachia. Akanipeleka chumbani.

Sitaeleza sana jinsi alivyokuwa. Oliva alikuwa mwanamke mkubwa. Niliyemkuta angeweza kubebwa kwa mkono mmoja. Macho yalikuwa ya manjano, nywele zimeota fupi, laini, kama za mtoto. Amelalia ubavu wa kulia, mto umewekwa chini ya goti la kushoto. Kwenye stuli kulikuwa na chupa ya dawa ya maumivu, kijiko, rozari, na bakuli la uji uliokuwa umeshikana juu.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, dada yangu."

"Umenenepa."

"Ni masweta haya."

Akacheka bila sauti. Akanionyesha kwa macho nikae kitandani. Nikakaa, nikashika mkono wake, ulikuwa mwepesi na wa moto. Tukazungumza mambo ya kawaida. Mahindi yamekaa vipi mwaka huu. Nani amekuwa mwalimu wa kwaya. Akasema anamchukia huyo mwalimu mpya, anapeleka nyimbo mbio kama anakimbizwa na mbwa. Nikamwambia nikirudi nitamshonea titi jipya, zuri, la kitambaa laini. Akasema, "Usihangaike. Sina pa kulibeba."

Mchana Imelda alileta maji ya moto tumwogeshe. Tulimfuta kwa kitambaa, taratibu, mimi kichwani, Imelda miguuni. Tulipotaka kumgeuza akasema kwa ukali, "Siyo upande huo," halafu akang'ata pindo la kanga mpaka tukamaliza. Nililiona hilo. Nataka niandike kwamba niliona. Nilikuwa na macho, nikaamua kutoyatumia.

Imelda alipotoka kumwaga maji, tukabaki wawili. Nikaanza kulizunguka swali langu. Nikamuuliza kama anapata usingizi. Kama dawa inasaidia. Kama daktari wake anakuja. Sauti yangu niliisikia mwenyewe imekuwa nyembamba. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Hivi mwanzoni kabisa, ulijuaje?"

Oliva akanitazama. Akanitazama muda mrefu.

"Fundi. Umekuja kuniona, au umekuja kujipima?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kusema hapana, si hivyo, halafu nikashindwa, nikalia. Nililia kitandani kwa mgonjwa, kitu ambacho mama yangu alinifundisha usifanye kamwe. Nikamwambia yote. Nyonga, ngazi za kanisani, picha, doa, maneno ya dokta, na jinsi nilivyomdanganya mume wangu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia duniani. Nilikuwa nimemletea mtu anayekufa mzigo wangu aubebe.

Hakukasirika. Alisubiri nimalize. Akaomba maji, nikamnywesha kwa kijiko.

"Bega," akasema.

"Nini?"

"Yangu ilianza begani. Hili la kulia. Na kikohozi, kile kikavu. Nikawa siwezi kuinua debe la maji."

"Nyonga je?"

"Nyonga?" Akatabasamu, midomo imepasuka. "Nyonga yangu mpaka leo ya msichana. Muulize Damiani."

Nikacheka huku nalia. Na hapo, niandike jambo ambalo sipendi kuliandika.

Nilifurahi.

Furaha iliingia kama chai ya moto tumboni siku ya baridi. Begani! Siyo nyonga, bega! Nilitoka nje nikavuta hewa, nikaona ua umefagiwa vizuri, nikaona mlima kule mbali, nikaona kila kitu. Jioni nilikula ugali na mboga ya maboga kama mtu aliyetoka kulima, Imelda akaniongeza mara mbili. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa ukuta anakufa, na mimi nilikuwa nina njaa.

Asubuhi ya Ijumaa nilikaa naye tena. Hakuwa na nguvu ya kuzungumza. Akaniomba nimwimbie sauti ya kwanza ya wimbo mmoja wa zamani tuliokuwa tunaimba hosteli, yeye aitie ya pili. Hakuitia, ila midomo ilikuwa inacheza. Nilipomaliza akasema, "Umeipandisha mno." Halafu, nilipoinama kumuaga, akanishika sweta.

"Kapime, Fundi."

"Nitapima. Dokta kasema tusubiri kwanza..."

"Kapime. Usikae na doa ndani ya nyumba ukilipikia chai."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa wepesi, kwa sababu nilikuwa sina hofu tena. Tulijua wote wawili kwamba hatutaonana tena. Nilimbusu kwenye paji la uso, nikatoka.

Shemeji Damiani akanirudisha Ipogolo. Baridi ilikuwa kali njiani, na pikipiki ilirukaruka kuliko wakati wa kuja. Tulipofika barabarani nikashuka, na mguu ukanikatalia. Nilichechemea hatua chache nikishika kiti cha pikipiki.

"Umeumia, shemeji?"

"Nimekaa vibaya tu. Nyonga hii."

Alikuwa anafungua kamba ya mzigo wangu, hakuinua kichwa. Akasema kwa sauti yake ile ya upole, kama mtu anayesimulia habari ya shamba, "Angalia sana. Mwenzako naye alianza hivyo hivyo. Nyonga. Akawa anachechemea, tukadhani ni jembe. Tukamchua na kumchua. Kumbe."

Nikamuuliza, "Siyo bega?"

"Bega?" Akanitazama sasa. "Hapana. Bega halijawahi kumsumbua. Ni nyonga hii ya kushoto, ndiyo mpaka leo hatuwezi kumgusa."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Akaacha kamba. Akauliza kama nasikia kizunguzungu, akataka kuninunulia soda. Nikamwambia ni baridi. Basi likaja, akanipandishia mzigo. Imelda alikuwa amenifungia maharage na mahindi ya kuchemsha, watu wenye mgonjwa ndani wananifungia chakula cha njia. Damiani alisimama pale pembeni mpaka basi lilipoondoka, mkono juu.

Nilikuwa siti ya dirishani. Misitu ya Mafinga ilipita, misonobari mistari na mistari, na mimi sikuwa nawaza kitu kwanza. Halafu nilimkasirikia. Nilimkasirikia Oliva kwa hasira ya kweli, kama amenidhulumu. Nilikuja kuuliza kitu kimoja tu. Nani alimpa haki ya kunichagulia jibu?

Halafu nikakumbuka kile kijiko cha maji. Aliomba maji kwanza, akanywa, ndipo akajibu. Alikuwa anajitafutia nafasi. Mwanamke ambaye hawezi kugeuka kitandani, ambaye dawa inamchukua akili nusu siku, aliweza kufikiri haraka namna hiyo, akanitafutia bega. Akaongeza na kikohozi ili niamini. Akaongeza na debe la maji. Na kesho yake, baada ya kunipa usingizi wa usiku mmoja, akanishika sweta akaniambia kapime.

Nililia kuanzia Makambako mpaka Igawa. Mama aliyekaa pembeni yangu hakuniuliza kitu, alinipa tu karanga zake kwenye karatasi, nikazila.

Sasa nijipange, maana kichwa kinakimbia.

Nyonga ya Oliva haisemi chochote juu ya nyonga yangu. Juzi nilipoamini ni bega, doa langu halikupungua hata kidogo. Leo najua ni nyonga, na doa halijaongezeka. Liko pale pale lilipokuwa Jumanne, kwenye kompyuta ya yule binti, halijui habari za Iringa. Kilichobadilika ni mimi tu, na mimi si kipimo. Najua hivyo. Nimejieleza hivyo tangu nilipoamka. Halafu naweka mguu chini, unauma, na elimu yote inamwagika.

Watu wanatuuliza, umepona? Sijawahi kujua la kujibu. Nikisema ndiyo, najiona namtania Mungu. Nikisema hapana, wananitazama kama nimekwisha kufa. Hakuna aliyenifundisha kuishi hapa katikati, ambapo unanunua viatu vipya ukijiuliza kama utavichakaza.

Leo asubuhi nilimwambia mume wangu.

Alikuwa stoo anachambua viazi vya mbegu, vizima huku, vilivyooza kule. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Baba Lusajo, Jumanne sikukwambia vizuri." Nikamweleza. Doa. Dar. Kusubiri. Na Oliva, na bega, na Damiani pale Ipogolo. Niliongea yote bila kupumzika, kwa maana ningepumzika ningeacha.

Alikaa juu ya gunia. Alikuwa bado ameshika kiazi. Niliogopa atauliza kwa nini nilimficha, nikaandaa majibu. Hakuuliza.

"Nilikuwa nakuchua hapo hapo," akasema.

"Ndiyo."

Akaangalia mikono yake, ndani na nje. "Nilikuumiza?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikaketi naye kwenye gunia, viazi vinatuchoma chini, tukakaa. Mume wangu si mtu wa maneno, na mimi yangu yalikuwa yamekwisha.

Baadaye akauliza, "Dokta anasema unaweza kusubiri?"

"Anasema naweza."

"Wewe mwenyewe unaweza?"

Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo. Nikafikiri kweli kweli. Nikasema, "Siwezi."

"Basi."

Akainuka, akaendelea na viazi vyake. Lakini alikuwa anavitupa vizima kwenye vilivyooza, nikaona, nikamwacha.

Saa chache zilizopita nilimpigia Imelda. Nilitaka kusema nimefika salama. Akasema mama amelala lakini macho yako wazi, akamwekea simu sikioni. Nilisikia pumzi. Nikamsalimia, nikamwambia mume wangu anamsalimu, kwamba mchele ule wampikie laini, kwamba Uyole baridi inaua.

"Nyonga?" Sauti ilitoka mbali sana.

Nilikuwa nimejiandaa tangu jana jinsi nitakavyomwambia kwamba najua. Nilikuwa nimepanga hata maneno, ya shukrani na ya ugomvi kidogo. Nilifungua mdomo.

"Inauma kidogo," nikasema. "Nadhani ni cherehani."

"Ni cherehani hiyo," akasema Oliva.

"Ndiyo. Bora yangu si bega."

Akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Halafu Imelda akachukua simu.

Sijui kama nilifanya vizuri. Niko hapa kibarazani, jua linaelekea kuzama na upepo haujachoka. Mume wangu ananiita niingie ndani, sijaitika. Jumatatu nakwenda kwa dokta kuchukua barua ya Dar. Mume wangu atakwenda nami, amekataa kubishana. Huko Dar nitaambiwa ni mfupa uliochoka, nitarudi nikacheke na kila mtu. Au nitaambiwa lile lingine, nami nitaanza upya njia ambayo mara hii najua inapopita na inapokwenda kuishia. Au wataniambia tena hawana hakika, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote mawili, na sijui kwa nini.

Kesho Jumapili. Kisha Jumatatu. Zaidi ya hapo sijapewa.